Kuzuru Maziwa ya Bonde la Ufa Tanzania: Mwongozo wa Kusafiri kwa Kalenda ya Wenyeji

Maziwa ya Tanzania yaliyomo ndani ya Bonde la Ufa hayafanani kwa maji wala kwa maisha ya watu wanaoishi kandokando yake, na msafiri anayeyaendea yote kwa maandalizi ya namna moja hurudi na picha za machweo bila kuziona kazi ambazo ndizo zinazowaweka watu mahali hapo. Mwongozo huu unahusu manne kati ya maziwa hayo, yaani Tanganyika, Nyasa, Natron na Eyasi, na unashikilia jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho: tarehe ya safari ipangwe kwanza kwa kufuata kalenda ya ziwa lenyewe, ambayo huundwa na mwezi, mvua, pepo, siku za gulio na miezi ambayo uvuvi hufungwa, kisha ndipo nauli, malazi na likizo vitafutiwe nafasi ndani ya kalenda hiyo. Wasafiri walio wengi hufanya kinyume, kwa sababu likizo hutangulia na ziwa hufuata, na ndiyo maana mtu anaweza kukaa Kigoma wiki nzima asione hata taa moja ya wavuvi usiku.

Tofauti za maziwa haya zina chanzo chake ardhini. Bonde la Ufa ni mpasuko mrefu wa ganda la dunia ambao katika Afrika Mashariki umegawanyika mikono miwili. Mkono wa magharibi, unaobeba Tanganyika, Rukwa na Nyasa, umedidimia sana, hivyo Tanganyika na Nyasa zina kina kirefu, zina mito inayotoka, na maji yake ni maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi. Mkono wa mashariki, unaopitia Natron, Manyara na Eyasi, una volkano nyingi na mabonde yasiyo na njia ya kutolea maji. Ziwa la namna hiyo huitwa ziwa lisilo na mlango, maana maji huingia kwa mito na chemchemi lakini hutoka kwa mvuke tu, na chumvi na magadi yaliyokokotwa kutoka kwenye miamba hubaki nyuma na kuzidi kukolea. Kwa sababu hiyo maisha ya Kigoma, kando ya Tanganyika, na Matema, kando ya Nyasa, yamejengwa juu ya mitumbwi na samaki, ilhali Natron na Eyasi yamejengwa zaidi juu ya mifugo, kilimo cha umwagiliaji, uwindaji na asali, na maji ya ziwa lenyewe hayanyweki.

Tanganyika na usiku wa giza

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 hivi na kina kinachofikia mita 1,470, na kwa kina hupitwa na Ziwa Baikal la Urusi pekee. Fukwe zake zimegawanywa kati ya Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia, na maji yake hutokea Mto Lukuga kuelekea Kongo. Umri wake hukadiriwa kuwa kati ya miaka milioni 9 na 12, muda uliotosha kwa samaki wa jamii ya sikilidi, ambao ni ndugu wa perege na sato, kugawanyika kuwa spishi zaidi ya 200, na nyingi kati ya hizo hazipatikani mahali pengine popote. Hata hivyo samaki wanaowalisha watu wa Kigoma si hao wenye rangi za kuvutia, bali ni dagaa na migebuka, ambao huishi katika maji ya wazi mbali na mawe ya ufukoni. Chini ya mita 100 hadi 200 maji ya ziwa hili hayana oksijeni, hivyo karibu uhai wote umo katika tabaka la juu, na tabaka hilo hupata rutuba mpya pale pepo za kusini, ambazo huvuma takribani kuanzia Mei hadi Septemba, zinapoyasukuma maji ya juu na kuyapa nafasi maji ya chini yenye virutubisho yapande. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba ongezeko la joto la hewa limelifanya tabaka la juu kuwa jepesi zaidi, maji ya chini yakawa hayachanganyiki nalo kama zamani, na chakula cha samaki kikapungua. Jambo hilo ni vyema msafiri alijue kabla ya kuwauliza wavuvi kwa nini samaki wameadimika.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, zamani karabai za mafuta na siku hizi zaidi taa za umeme wa betri na wa jua, na dagaa wanaoufuata mwanga hukusanyika chini yake hadi wavu unapoinuliwa. Njia hiyo hufanya kazi pale tu mbingu zinapokuwa nyeusi, kwa kuwa mbalamwezi huufifisha mwanga wa taa na samaki hawakusanyiki, na kwa hiyo wavuvi huugawa mwezi sehemu mbili: siku za giza, ambazo ni siku za kazi, na siku za mbalamwezi, ambazo ni siku za kushona nyavu, kuziba mitumbwi na kwenda nyumbani. Msafiri anaweza kuitumia kalenda ya Kiislamu, ambayo hufuata mwandamo na ambayo katika Ujiji, mji wa jirani, haihitaji kutafutwa mbali: usiku wa tarehe 13 hadi 16 mwezi huwa mpevu na ziwa hupumzika, na kuanzia takribani tarehe 20 hadi siku za mwanzo za mwezi unaofuata giza hutosha. Katika siku hizo, mtu aliyesimama juu ya vilima vya Kigoma mara baada ya isha huona mstari wa taa umejipanga majini hadi upeo wa macho, na ajuaye kwamba chini ya kila taa kuna watu wanaovuta kamba kwa mikono hatahitaji kuelezwa zaidi kuhusu bei ya dagaa.

Zaidi ya mwezi, kuna kalenda ya serikali. Nchi nne zinazolizunguka ziwa zimekubaliana kulifunga kwa shughuli za uvuvi kwa miezi mitatu ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana, na mwaka 2024 Tanzania ilitekeleza makubaliano hayo kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Mgeni anayekuja katika kipindi cha namna hiyo ataukuta mwalo, yaani ufuko wa kushushia samaki, ukiwa kimya, na atawakuta watu katika miezi yao migumu kuliko yote, kwa sababu mapato yamesimama. Si kosa kwenda wakati huo, lakini haifai kumsumbua mtu ambaye hana kazi ili aigize kazi yake mbele ya kamera. Tangazo la mwaka husika huulizwa ofisi ya uvuvi ya wilaya au kwa kikundi cha usimamizi wa mwalo, ambacho wavuvi wenyewe hukiita BMU, na kikundi hichohicho ndicho cha kwanza kuombwa ruhusa na mgeni anayetaka kuutembelea mwalo.

Mialo ya Kibirizi, upande wa kaskazini wa mji wa Kigoma, na Katonga, upande wa kusini, hufikika kwa bajaji au pikipiki, na saa ya kufika ni alfajiri. Mitumbwi hurudi kabla jua halijapanda, na kinachofuata ni kazi ya wanawake zaidi kuliko ya wanaume: dagaa hupimwa kwa ndoo, bei hukubaliwa papo hapo, kisha huoshwa na kutandazwa. Hapo msafiri atazame kwa makini tofauti kati ya dagaa waliotandazwa juu ya mchanga na wale waliotandazwa juu ya chanja, yaani kitanda cha miti kilichoinuliwa na kuwekewa wavu au waya. Dagaa wa mchangani hukauka kutokana na joto la juu na la chini kwa pamoja, lakini hubeba chembe za mchanga ambazo mlaji huzisikia menoni. Wale wa chanja hupitiwa na upepo pande zote mbili, hubaki na rangi ya fedha, na mvua ya ghafla ikija hufunikwa kwa haraka. Mnunuzi akisugua dagaa wachache kiganjani atajua walikaushwa wapi, na akiwakuta wamevunjika vichwa au wamegeuka rangi ya manjano atajua kwamba mvua au ukawiaji umewapitia. Kuwanunua kwa mama aliyewakausha mwenyewe, kwa bei yake na bila kumpunja, ni msaada wa maana kuliko sarafu wanazogawiwa watoto ufukoni, desturi ambayo wazee wa mialo huilalamikia kwa haki. Mgeni hupita pembeni ya dagaa walioanikwa, haruki juu yao. Huwaamkia wazee shikamoo kabla ya kuuliza chochote. Na hapigi picha ya mtu anayepokea au kuhesabu fedha.

Chakula cha Kigoma ni sehemu ya ziara yenyewe. Dagaa wabichi au mgebuka waliopikwa kwa mawese, mafuta mekundu ya michikichi inayolimwa kwa wingi mkoani humo, huliwa kwa ugali wa muhogo katika vibanda vya mama lishe karibu na mialo, na ladha hiyo haipatikani Dar es Salaam hata kwa wanaouza dagaa wa Kigoma kwa jina.

Ujiji, ulio jirani kusini mwa mji, ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora. Richard Burton na John Speke walifika hapo mwaka 1858, na Henry Stanley alimkuta David Livingstone mahali hapo mwaka 1871, ndipo palipojengwa jumba la makumbusho. Wageni wengi huishia kwenye sanamu na kuondoka, na hapo hukosa jambo lililo kubwa zaidi, kwa kuwa Ujiji ni miongoni mwa miji ya bara iliyozungumza Kiswahili mapema, na mitaa yake bado ina koo za Wamanyema waliovuka ziwa kutoka Kongo, Waha wa vilima vya jirani na wazao wa wafanyabiashara wa pwani. Saa mbili za kutembea kwa miguu na mwenyeji baada ya swala ya alasiri, wakati wazee wamekaa barazani, zina faida kubwa kuliko jumba la makumbusho lenyewe.

Kwa wanaopenda safari ya majini, itakumbukwa kwamba meli ya Liemba, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 na kuibuliwa mwaka 1924, iliacha kusafirisha abiria kuanzia mwaka 2018 ikisubiri ukarabati, na hivyo ratiba zilizochapwa katika vitabu vya zamani vya utalii zisitegemewe bila kuulizwa bandarini. Boti za abiria za kuelekea vijiji vya kaskazini huondokea Kibirizi. Hujaa sana, na msafiri asipande yoyote asipopewa jaketi la kuokolea maisha, wala asianze safari mchana wakati upepo umekwisha kuamka. Hifadhi ya Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1960, hufikiwa kwa njia hiyo ya maji. Mwenye mafua au kikohozi haimpasi kwenda, kwa kuwa magonjwa ya njia ya hewa ya binadamu huwaua sokwe. Aidha, maji ya ziwa yalipanda sana kuanzia mwaka 2020 na kuzifunika fukwe, nyumba na barabara kadhaa, hivyo nyumba ya wageni iliyosifiwa kwa ufuko wake miaka kumi iliyopita inaweza kuwa haina ufuko tena.

Nyasa na vyungu vya Wakisi

Ziwa Nyasa, lenye urefu wa kilomita 560 hivi na kina cha mita 706, lina spishi nyingi za samaki kuliko ziwa lingine lolote duniani, lakini katika ncha yake ya kaskazini kinachostahili kuipangia safari ni udongo. Matema, katika Wilaya ya Kyela, hufikiwa kutoka Mbeya kwa kuteremka kupitia Tukuyu hadi nchi tambarare ya mpunga, kokoa na migomba, na mbele yake Milima ya Livingstone hushuka moja kwa moja hadi majini. Kyela ni miongoni mwa sehemu za Tanzania zinazopata mvua nyingi kabisa, na miezi ya Machi hadi Mei barabara za tambarare hiyo huweza kukatika. Kuanzia Juni hadi Oktoba njia huwa nzuri, ingawa pepo za kusini-mashariki huchafua ziwa mara kwa mara.

Ng'ambo ya Matema, mahali ambapo milima haikuacha ardhi ya kutosha kulima, wanawake wa Kikisi wa kijiji cha Ikombe na vijiji vinavyokifuata wameishi kwa kufinyanga vyungu na kuvibadilisha au kuviuza kwa watu wa tambarare wenye mchele na ndizi. Vyungu hivyo hufinyangwa kwa mkono bila gurudumu la mfinyanzi, husawazishwa kwa jiwe laini, hupakwa udongo wa rangi nyekundu na nyeupe, na huchomwa kwa moto wa wazi, kisha hupakiwa mitumbwini na kuletwa gulio la Lyulilo, mwendo mfupi kutoka Matema, siku ya Jumamosi. Safari ya Matema ipangwe basi kwa namna ambayo mgeni atalala hapo usiku wa Ijumaa, aione mitumbwi ikifika asubuhi, na Jumapili au Jumatatu aende Ikombe kwa mtumbwi ili aone kazi yenyewe pale inapofanyika.

Anayenunua chungu cha kupikia, si cha kupambia, akigonge kwa kifundo cha kidole: chungu kizima hutoa mlio wa wazi, na chenye ufa, hata kama ufa hauonekani, hutoa mlio uliokufa. Kabla ya kukitumia, chungu kipya huhitaji kuzoeshwa moto, yaani hujazwa maji, huwekwa juu ya makaa machache na kuachwa yachemke polepole, kwa sababu udongo uliochomwa kwa moto wa wazi hupasuka unaposhtuliwa na joto kali. Kwa safari ya basi, majani makavu ya migomba hukifunga vizuri kuliko magazeti, na wauzaji wenyewe huwa tayari kukifunga wakiombwa mapema. Bei ya gulioni ni ndogo mno ukilinganisha na kazi iliyomo: kuchimba udongo, kuubeba, kuufinyanga, kuukausha, kutafuta kuni, kuchoma, na kuvumilia hasara ya vile vilivyopasuka motoni. Kushindana na mfinyanzi kwa ajili ya shilingi mia tano ni jambo lisilopendeza.

Kuhusu kuoga ziwani, kichocho kipo, na kinga yake huanza kwa kuelewa njia yake. Vijidudu vya ugonjwa huo hukua ndani ya konokono wa maji, ambao hupenda sehemu tulivu zenye majani na matete, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Ufuko wa wazi wenye mawimbi na mchanga una hatari ndogo kuliko ghuba yenye matete au mdomo wa kijito, lakini hauna usalama kamili, na aliyeoga afanye kipimo hospitalini wiki sita au zaidi baada ya safari, hata kama hana dalili. Dawa yake, prazikwanteli, inapatikana nchini na ni nyepesi kutumia. Kuhusu mamba wanaokaa karibu na midomo ya mito, neno la mvuvi wa mahali hapo lifuatwe bila mjadala.

Natron, ziwa la magadi

Njia ya kawaida ya kwenda Ziwa Natron hutoka Mto wa Mbu na kufuata ukuta wa Bonde la Ufa kwa barabara ya vumbi na mawe. Njiani iko Engaruka, ambako mabaki ya mifereji ya mawe na mashamba ya matuta yanaonyesha kwamba jamii ya wakulima wa umwagiliaji iliishi hapo kwa karne kadhaa hadi ilipopahama yapata karne ya 18, na mwenye gari lake asipite bila kusimama.

Natron ni ziwa lisilo na mlango, lenye kina kisichofika mita 3, linalolishwa hasa na Mto Ewaso Ng'iro unaotoka Kenya na chemchemi za moto za kandokando. Maji yake yana magadi, yaleyale yanayotumika jikoni kulainishia maharage na kande, lakini yamekolea kiasi cha kuunguza ngozi na macho. Heroe wadogo, ndege wa rangi ya waridi wanaoishi kwa kula mwani mdogo wa maji ya magadi, wanaliona ziwa hili kuwa makao salama kwa sababu hiyohiyo: fisi na mbweha hawawezi kuvuka tope hilo hadi kwenye viota, ambavyo ni vichuguu vifupi vya udongo vilivyojengwa katikati ya ziwa. Natron ndilo eneo pekee la Afrika Mashariki ambako heroe wadogo huzaliana kwa kurudia, na limo katika orodha ya ardhioevu za Mkataba wa Ramsar tangu mwaka 2001. Hawazaliani kila mwaka, kwa kuwa hungoja kina cha maji kiwe cha kufaa, wala mtu yeyote hawezi kumwahidi mgeni tarehe. Mgeni huwatazama kutoka ukingoni kwa darubini akifuatana na kiongozi wa kijiji, hakanyagi ganda la magadi, ambalo huonekana gumu na huvunjika ghafla, na harushi droni, kwa kuwa kundi likishtuka linaweza kuviacha viota vyote kwa pamoja, mbali na kwamba droni zinahitaji kibali cha mamlaka husika.

Kijiji cha Engaresero, cha Wamaasai, ndicho mahali pa kukaa. Kusini mwake umesimama Ol Doinyo Lengai, volkano hai yenye urefu wa karibu mita 2,960, ambayo lava yake ina kabonati ya sodiamu kwa wingi na hutoka ikiwa na joto dogo kuliko lava za volkano nyingine. Ililipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008. Wapandaji huanza safari karibu na usiku wa manane ili wafike juu kabla ya jua, na mteremko wa kurudi, ambao ni wa majivu yaliyogandamana, huwashinda wengi zaidi kuliko upandaji wenyewe.

Lakini jambo kubwa kuliko yote Engaresero ni nyayo. Karibu na ukingo wa ziwa, juu ya tabaka la majivu ya volkano yaliyolowa na kisha kugeuka jiwe, kuna nyayo za binadamu zaidi ya 400, zilizopigwa kati ya miaka 19,100 na 5,760 iliyopita, na mtu wa kwanza kuziarifu alikuwa mkazi wa kijiji. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2020 walizipambanua nyayo za kundi moja la watu 17 waliotembea pamoja kuelekea kusini-magharibi, na kwa ukubwa wa nyayo wakaona kwamba huenda 14 walikuwa wanawake watu wazima, wawili wanaume na mmoja kijana wa kiume. Wakalifasiri kundi hilo kuwa ni la wanawake waliokuwa wakitafuta chakula kwa pamoja, kama wanavyofanya wanawake wa Kihadzabe hadi leo. Ukisimama hapo asubuhi, wakati jua liko chini na kivuli kimejaa ndani ya kila wayo, vidole huhesabika kimoja kimoja. Saa sita mchana mwanga huwa wa juu na nyayo karibu hazionekani. Kwa hiyo zizuriwe kati ya macheo na saa mbili, bila kukanyagwa, hata na mtu aliyevua viatu.

Njia ya Natron ina mageti kadhaa yenye ada za halmashauri na za vijiji, na wasafiri hulalamika kuhusu wingi wake. Dawa ya malalamiko hayo ni kuuliza viwango kabla ya kuondoka Arusha au Mto wa Mbu, kudai stakabadhi kwa kila malipo, na kumlipa kiongozi wa kijiji kando, kwa kuwa ada ya geti si ujira wake.

Eyasi na watu wake

Ziwa Eyasi, lililo chini ya nyanda za juu za Karatu na Ngorongoro, ni la magadi na la msimu: baada ya mvua huwa ni maji mapana yenye ndege, na kiangazi kikiwa kirefu hubaki uwanda mweupe. Anayekwenda kwa ajili ya ziwa peke yake atavunjika moyo. Watu ndio sababu ya kwenda, na kwa kuwa watu si maonyesho, hapa ndipo msafiri anapohitaji uangalifu kuliko mahali pote palipotajwa.

Wahadzabe, ambao idadi yao ni zaidi kidogo ya 1,000, huzungumza lugha yenye sauti za kidoko isiyothibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote, na wengi wao bado hupata sehemu ya chakula chao kwa kuwinda na kukusanya. Kalenda yao ni ya chakula. Msimu wa mvua ni msimu wa asali, na ndipo ndege anayewaongoza watu hadi kwenye mizinga ya porini husikilizwa zaidi. Ubuyu una msimu wake. Mwishoni mwa kiangazi wanyama hukusanyika kwenye maji machache na uwindaji huwa mwepesi. Na mizizi, inayochimbwa na wanawake kwa vijiti vilivyochongwa, huwapo karibu mwaka mzima na ndiyo inayoiokoa kambi wakati mengine yanapokosekana. Waongozaji wa watalii huuza zaidi uwindaji wa alfajiri, ambao ni kazi ya wanaume, na mgeni hurudi akidhani ameona maisha ya Wahadzabe. Inafaa aombe, kwa hiari yake na kwa malipo yaleyale, kwenda na wanawake kuchimba mizizi: ni kazi ya saa kadhaa chini ya mawe na vichaka, inafanywa kwa mazungumzo na watoto wakiwa pamoja nao, na kile kinacholetwa huchomwa na kuliwa hapohapo.

Utalii umeleta fedha Mang'ola, eneo la vijiji lililo kando ya ziwa, na baadhi ya fedha hizo zimeishia kwenye pombe ndani ya kambi, jambo ambalo watafiti na viongozi wa jamii wamelieleza kwa uchungu kwa miaka mingi. Mgeni hawezi kulimaliza tatizo hilo, lakini anaweza kukataa kulikuza: malipo yote hupitia ofisi ya utalii wa utamaduni ya kijiji na hupewa stakabadhi, hapeleki pombe, tumbaku wala bangi hata kama ataombwa, na zawadi, ikiwa ipo, iamuliwe kwa kumuuliza kiongozi anayeaminiwa na kambi yenyewe, maana kambi moja huhitaji unga na nyingine huhitaji vyuma vya vichwa vya mishale. Ni vyema pia ajue kwamba mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja, yaani hati inayoitambua ardhi kuwa mali ya jamii nzima chini ya sheria ya ardhi ya vijiji, baada ya miaka mingi ya kusukumwa pembeni na mashamba na mifugo. Kuwaita watu hao masalia ya zama zilizopita ni kuisahau hati hiyo na kazi iliyofanywa kuipata.

Jirani zao Wadatoga ni wafugaji, na miongoni mwao wapo wahunzi ambao hufua vichwa vya mishale kutokana na misumari mikubwa na bangili kutokana na vipande vya shaba na aluminiamu. Wahadzabe huvipata vichwa hivyo kwa kubadilishana na asali au nyama, na mgeni aliyeziona kambi zote mbili kwa siku mbili tofauti, badala ya kuzikimbilia zote asubuhi moja, ataelewa jinsi zinavyotegemeana. Bangili hununuliwa kwa mhunzi mwenyewe, baada ya kumtazama akivukuta moto kwa mifuko ya ngozi. Kisha yako mashamba ya vitunguu ya Mang'ola, yanayonyweshwa kwa maji ya chemchemi na kuvuta vibarua na wanunuzi kutoka mikoa mingi. Wakati wa mavuno kijiji cha Ghorofani hujaa malori, vyumba vya kulala huadimika, na anayetaka kufika wakati huo hana budi kupiga simu mapema. Barabara ya kuteremka kutoka Karatu huharibika mvua kubwa zinaponyesha, na gari lisilo na nguvu ya magurudumu manne lisubiri siku mbili au tatu za jua kabla ya kuijaribu.